Meneja wa Kilo Mbili

“Ukija Tinde na huyo mbwa, ujue umeshachagua,” nilimwandikia Valerian.

Akajibu: “Vumi, nikimwacha Geita hali chakula. Nitamfungia chumbani, wazee hawatamwona.”

Nilitupa simu kitandani. Hawa wanaume hawa! Kesho yake wazee wetu wa Kishapu, watu waliokulia zizini, wanakwenda kwao Tinde kukagua ng'ombe wa mahari yangu, halafu bwana harusi anakuja na chiwawa. Kilo mbili. Masikio makubwa kuliko kichwa, macho yamemtoka, vimiguu kama njiti, na kwa jua lote hili anatetemeka mpaka avalishwe sweta. Anaitwa Meneja, na kweli anajiona bosi. Nikikaa karibu na Valerian ananiungurumia mimi, mchumba wa mtu. Anamtambua mtu mmoja tu duniani.

Msinione nina gubu. Mimi nina selimundu, ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao. Mifupa ikianza kuuma, ndoo ya maji siinui, hata kujigeuza kitandani nashindwa. Mchumba wangu wa kwanza, Marwa, aliapa hajali. Nilipolazwa wiki mbili alikuja mara moja, kisha namba yake haikupatikana tena. Valerian naye ameapa vilevile, na kuapa ni rahisi. Sasa wazee wakikataa ng'ombe kwa ajili ya kimbwa, nani mwingine atakuja kuposa mgonjwa?

Siku yenyewe ikanikuta kitandani, mifupa inawaka. Mchana akanipigia simu shangazi Paskalia, aliyefuatana na wazee.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba. Hivi huyu mwanaume ulimtoa wapi?”

Nikafumba macho. Akanieleza kwamba Meneja alibweka chumbani mpaka wakamfungulia, akachomoka moja kwa moja hadi zizini kumfokea dume. Dume likarudi nyuma. Wazee walicheka mpaka machozi, isipokuwa baba mkubwa Makoye. Yeye alisema binti yetu haendi kwa mtu anayebeba mbwa kama kichanga, akachukua fimbo yake waondoke.

“Nikamwambia asubiri nimuulize kijana. Huyu analinda? Akasema hapana. Anawinda? Hapana. Ana kazi gani? Hana.”

“Shangazi, inatosha.”

“Nyamaza. Nikamuuliza, anaumwa? Akasema mara kwa mara, sukari inashuka, anaanguka. Anampaka asali mdomoni kwa kidole, anamkumbatia mpaka apate joto, hata akiwa ametoka shifti mgodini amechoka. Mwaka wa nne huu. Makoye akanitazama, nami nikamtazama. Ng'ombe tumewapokea wote.”

Akakata simu. Nililia, sifichi.

Haikupita muda, Valerian akapiga. Sauti ilikuwa ya chini.

“Vumi, nisamehe kwa aibu ya leo. Nimeongea na daktari wa mifugo kule Geita, atamchukua Meneja. Nitakuwa nampelekea chakula.”

“Ukimtoa huyo mbwa, mimi siolewi na wewe.”

“Si wewe uliyesema nichague?”

“Najua nilichosema. Mwache aniungurumie.”

Akaniuliza mbona naongea kama mtu anayeumwa. Nikamwambia mifupa imeanza tangu alfajiri. Hakuapa chochote. Nilisikia tu akiwasha pikipiki.