Taa Miguuni

Moss alimkamata sungura wake wa tatu usiku ule bila kosa. Akageuka naye mdomoni angali hai, kama mbwa wa taa, wa kuwinda usiku kwa mwanga, anavyotakiwa, akarudi mbio hadi kwa Alwyn Tallentire. Kisha akampita. Akakaa kitako hatua mbili kushoto kwa Alwyn, akainua kichwa, akamnyooshea sungura wake mtu ambaye hakuwepo.

"Huku, mpumbavu wewe," Alwyn akamnong'oneza. "Mimi niko huku."

Mbwa hata hakumtazama. Mkia wake ulikuwa unafagia nyasi kwa furaha. Alwyn akasogea, akamchukua sungura, akamvunja shingo, akajiambia ni utoto tu. Chotara wa mbwa wa mbio na mbwa wa kondoo, miezi kumi na minne, atajua nini? Tena yeye mwenyewe alikuwa hoi. Alikuwa ametoka machimboni jioni, mgongo unamwaka, na kesho alfajiri mawe yangemngoja palepale alipoyaacha. Mtu aliyechoka hivyo hana nguvu za kutafuta maana ya mambo.

Lakini ile nafasi ya kushoto aliijua. Ilikuwa ya Denny.

Kazi ya taa ni ya watu wawili. Mmoja hubeba betri begani na taa mkononi, akaupekua uwanja wa malisho kwa mwanga mpaka macho ya sungura yawake. Mwingine humshika mbwa kwa kamba, na wakati ukifika humwachia. Kwa miaka ishirini na miwili Alwyn alishika mbwa na kaka yake Denny alishika taa, kushoto kwake siku zote, huko juu kwenye viwanja vya mama Threlkeld ambako upepo haujui kupumzika. Februari iliyopita Tess, mbwa wa Denny na mama yake Moss, alinasa mguu kwenye seng'enge mwisho wa uwanja mrefu, na Alwyn akaenda kumnasua. Alipogeuka akaona taa ya Denny inamulika chini, kwenye miguu ya Denny mwenyewe, kule ukutani. Akadhani kaka yake anamwita mbwa. Hakuharakisha. Alimkanda Tess mguu, akavuta sigara moja mpaka ikaisha. Alipofika, Denny alikuwa ameegemea ukuta wa mawe, moyo umesimama, taa imelala mapajani inamulika buti zake.

Tangu siku hiyo Alwyn alibeba betri, taa na mbwa peke yake, na hapo ndipo alipokosea. Mbwa wa taa hufundishwa kurudi gizani. Mbio zikiisha unazima taa, unanyamaza, unanyoosha mkono, unangoja, hata kama ni saa nzima kwenye mvua. Inachukua miezi. Kuna njia ya mkato: unamulika miguu yako, mbwa anaufuata mwanga, na kwa wiki moja kazi imekwisha. Kila mtu bondeni anajua ubaya wake, kwamba mbwa anayeifuata taa ataifuata taa ya yeyote. Alwyn naye alijua. Alichoka tu, akaifuata njia ya mkato.

Wiki iliyofuata Moss alimkosa sungura kwenye ukuta wa mbali. Kabla Alwyn hajaishusha taa yake, taa nyingine ikawaka upande wa pili wa uwanja, njano, dhaifu, imeelekezwa chini. Ikamulika buti mbili. Juu ya buti hapakuonekana kitu. Moss akaifuata mbio, masikio yamelala, kama anayekwenda nyumbani. Taa ikazimika. Alwyn aliita mpaka sauti ikamkauka. Mbwa aliporudi alikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na manyoya yake yalinuka tumbaku ya kusokota na sufu iliyoloa, harufu ya koti la Denny.

Asubuhi mkewe, Noreen, alimwita jikoni kwa sauti ya chini.

"Baba, huyu mbwa ana miezi mingapi?"

"Si kumi na minne? Kwani vipi?"

"Njoo mwenyewe uone."

Mdomo wa Moss, uliokuwa mweusi tititi, ulikuwa umepata mvi, kama mbwa aliyelala miaka kumi na mbili mbele ya jiko. Alipoinuka, miguu ya nyuma ilimtetemeka.

"Mpe mtu mwingine," Noreen akasema, macho yamemjaa machozi. "Au acha kwenda huko. Moja kati ya hayo mawili."

"Ni mtoto wa mwisho wa Tess, mama. Nikimpoteza huyu, nimebaki na nini cha Denny?"

Noreen akachuchumaa sakafuni. Alimkanda mbwa miguu.

Mwisho wa safu ya nyumba aliishi Bi Hetty Peart, mjane wa mwindaji wa taa, ambaye watu walimpelekea watoto wenye chunjua, ng'ombe wasiotoa maziwa, na mambo yasiyosemwa mbele ya kasisi. Alimpapasa Moss mdomo, kisha akafuta vidole kwenye aproni.

"Nani alikutuma umfundishe mbwa kwa taa miguuni?"

"Nilichoka, Bi Hetty."

"Wote tumechoka. Mimi nina miaka themanini na tisa, unadhani najisikiaje? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Haya sasa, jenga."

Alwyn akainamisha kichwa. "Ni Denny?"

"Denny angemla mtoto wa mbwa wake? Kua, mwanangu. Hicho kimevaa mazoea ya Denny, kama mtu anavyovaa koti la marehemu. Chenyewe hakina chochote. Kinakaa pale alipofia mtu, kinawasha kijitaa chake, kinangoja kufuatwa. Kila anayekifuata, kinamlamba miaka kidogo."

"Nifanye nini?"

"Mfundishe upya. Uwanja uleule, gizani, mkono wazi, mdomo umefungwa. Usimwite, maana ukiita, na chenyewe kinasikia. Siku atakayokuja mkononi mwako huku ile taa inawaka, hakitampata tena mbwa huyu, na miaka iliyolambwa itamrudia." Akamtazama Alwyn kwa muda mrefu kuliko Alwyn alivyopenda. "Na wewe ukishampata, ondoka. Usisimame kuaga mtu."

Usiku wa kwanza Moss aliifuata taa, akarudi mvi zimempanda hadi machoni. Usiku wa pili alisimama katikati ya uwanja, akalia kilio chembamba, kisha akaifuata tena, na Alwyn akalazimika kumbeba hadi kwenye gari, mwepesi kama gunia tupu. Alimbeba huku analia, wala hakuona aibu. Alijua kabisa kwamba usiku wa nne hautakuwepo.

Usiku wa tatu hapakuwa na mwezi. Alwyn alimwachia mbwa, akazima taa, akanyoosha mkono, akafunga mdomo, na giza likamzunguka lote, na ndani ya giza akasikia kondoo wakisogea wote kwa pamoja kuelekea ukuta wa chini, kisha wakanyamaza, kisha upepo nao, upepo usiojua kupumzika, ukanyamaza, na ile taa ya njano ikawaka kule ng'ambo na kumulika buti mbili, na safari hii akasikia na ulimi ukialika, tk, tk, vile Denny alivyokuwa akimwita Tess, na miguu ya Moss ikapita mbio kwenye nyasi, sasa inakwenda kule, sasa imesimama, sasa haijui inakwenda wapi, na mkono ukamfa ganzi, na jina la mbwa likamjaa kinywani mpaka akaliuma pamoja na ulimi, akaonja damu, na bado akanyamaza, na bado akangoja.

Pua yenye baridi ikamgusa kiganjani.

Alwyn akapiga magoti. Alimkumbatia Moss, akamsikia moyo unavyodunda kwa kasi, moyo wa kitoto, akamfunga kamba. Alikuwa ameshinda. Gari lilikuwa nyuma yake, hatua mia moja tu, na Bi Hetty alimwambia aondoke.

Lakini ile taa haikuzimika. Iliendelea kumulika zile buti, kwa subira, na Alwyn akaziona vizuri kwa mara ya kwanza: buti ya kushoto ilifungwa kwa kamba ya plastiki ya kufungia majani ya ng'ombe, ya rangi ya chungwa. Aliifunga yeye mwenyewe, Februari ile, gizani, kwa sababu kamba ya Denny ilikatika na Denny aliona uvivu kuinama. Taa ikatikisika kidogo, kama iliyoshikwa na mkono unaoishiwa nguvu.

Safari hii nitaharakisha, Alwyn akawaza.

Moss alimng'ang'ania kwa meno kwenye mkono wa koti, akavuta nyuma kwa miguu yote minne, akipiga kelele. Mbwa alikuwa amefundishwa asiifuate ile taa. Alwyn hakuwa amefundishwa na mtu. Alivua koti, akaliacha mdomoni mwa mbwa, akaiendea taa.

Noreen alipoamka asubuhi alimkuta mumewe jikoni, viganja vyote viwili vimekumbatia kikombe cha chai iliyopoa. Koti lake lilikuwa sakafuni, limeloa, mkono mmoja umechanika. Chini ya meza Moss alikuwa macho, mdomo wake mweusi tititi kama alivyozaliwa nao.

"Amepona!" Noreen akaruka kwa furaha. "Alwyn, mtazame, amepo..." Akamshika mumewe kidevu, akamgeuzia dirishani penye mwanga. Kidevu kilikuwa baridi. "Ndevu zako, baba. Na nywele. Zimekuwaje?"

"Nimechoka tu," Alwyn akasema, na sauti yake ilikuwa ya mzee. "Leo usiku nitatoka tena kidogo. Sihitaji mbwa."

Moss akatoka chini ya meza, akaenda akajilaza kizingitini, ameuegemeza mwili mzima mlangoni, na kutwa nzima hawakuweza kumwondoa pale.