Honi Mbili Getini

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa honi mbili. Pii, pii. Alitoka na kandambili zake, akavuta komeo, akamfungulia mkewe geti kama alivyofanya jioni zote za ndoa yao. Mkewe akaegesha, akashuka, akamrushia ufunguo.

"Injinia, gari linanizimikia njiani. Kesho ulitazame."

Alimwita Injinia kwa utani, kwa kuwa mumewe alifundisha habari za umeme chuo kikuu lakini pasi ya nyumbani ilikuwa imemshinda kuitengeneza. Akasema kichwa kinamgonga, akaingia ndani kujilaza.

Hakuamka.

Ile kesho ilichukua miezi mitatu kufika. Ililetwa na Shemeji, mdogo wa kiume wa marehemu. Mama yao figo zilikuwa zimegoma, na alitakiwa kupelekwa hospitali kusafishwa damu. Shemeji alikuja kuchukua gari la dada yake. Halikuwaka.

"Kesho asubuhi lazima awe kitandani kule," Shemeji alisema. "Akikosa, unajua mwenyewe."

Injinia alijua. Alishazika mmoja.

Jua lilikuwa linazama walipofungua boneti. Injinia alikisukuma kiti cha dereva nyuma kabisa ili aingie; mkewe alikuwa mfupi, kiti kilikuwa kimegandana na usukani. Ndani bado mlinukia mafuta yake ya nywele. Alikaa humo kidogo bila kufanya kitu. Shemeji akajifanya anatafuta bisibisi.

Akazungusha ufunguo. Injini ilizunguka, haikuwaka. Ile taa ya injini kwenye dashibodi, ambayo huwaka kila ufunguo unapozungushwa, ilikuwa imekufa.

"Kompyuta ya injini haipati umeme," alisema.

Betri nzima. Fyuzi nzima. Ikabaki rilei, kile kiboksi cheusi kinachopokea amri ya ufunguo na kupitisha umeme kwenda kwenye kompyuta. Akatoka, akaweka kidole juu yake. Shemeji akazungusha ufunguo.

Tik.

"Inasikia." Injinia akachukua mita ya umeme, akapima upande wa kutokea. Sifuri. Inasikia vizuri, inaitika, lakini hakuna kinachopita.

Aliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Hali hiyo alikuwa anaifahamu.

Rilei ya honi ilikuwa ya aina ileile. Akaing'oa, akaichomeka mahali pa ile mbovu. Gari likawaka papo hapo. Shemeji akabonyeza honi. Kimya.

"Honi haitalia. Nafasi yake iko tupu mpaka ninunue rilei nyingine."

"Basi nitakuwa natoa kichwa dirishani, pii, pii! Mama atasema nimerukwa na akili, lakini atafika."

Wakacheka. Nyumba ile ilikuwa imesahau kicheko kinafananaje. Shemeji akazima gari, akatia ufunguo mfukoni. Injinia akabandua kifuniko cha ile rilei mbovu. Ndani, pale shaba inapokutana na shaba, palikuwa pameungua, peusi tii. Akarudisha kifuniko, akaifumbata.

Giza likaanza kushuka…

Pii, pii.

Nje ya geti.

Shemeji akaganda. Gari lilikuwa mbele yao, limezima.

"Jirani huyo," alinong'ona. Lakini hawakuwa wamesikia mngurumo ukija. Chini ya geti hapakuwa na mwanga wa taa yoyote. Palikuwa na harufu tu, inapenya taratibu.

Mafuta ya nywele.

Kandambili zilikuwa zimeshamfikisha Injinia getini. Mkono ulikuwa kwenye komeo.

"Usifungue," Shemeji alimwambia.

"Ni yeye."

"Dada yangu tulimzika mimi na wewe!" Shemeji alimkamata kifundo cha mkono kwa nguvu zote. Alikuwa analia. "Aliyeko hapo si wa kufunguliwa. Na akikuita, usiitike. Nakuomba."

Kutoka upande wa pili wa geti:

"Injinia… umelitazama?"

Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu mwenye kichwa kinachogonga. Injinia akaegemeza kifua kwenye geti. Bati lote lilikuwa baridi, isipokuwa sehemu moja, usawa wa moyo wake, pale ambapo mkewe angefika kama angeegemeza paji la uso.

Hapo palikuwa na joto.

"Nimelitazama," alinong'ona. "Ilikuwa rilei tu. Kitu kidogo tu, mke wangu."

Tik.

Akafumbua kiganja. Rilei mbovu, bila waya, bila betri, ilikuwa imeitika.

Kisha bati likapoa.

Alibaki hapo mpaka harufu ikaisha kabisa. Shemeji hakuuachia mkono wake.

"Uliisikia sauti yake?"

"Nilisikia honi," Shemeji alisema. "Honi tu. Usiniulize zaidi."

Walilala sebuleni, taa inawaka.

Asubuhi Injinia aliingia kwenye gari, magoti yakagonga usukani. Kiti kilikuwa kimevutwa mbele mpaka mwisho. Shemeji aliapa hakukigusa, na ufunguo ulikuwa umelala mfukoni mwake.

Injinia hakukirudisha nyuma. Aliendesha vivyo hivyo, magoti yamekunjwa kifuani, wakamchukua mama mkwe, wakamfikisha hospitali kwa wakati. Alipoona mama amelazwa na mashine imeanza kazi yake, akamkabidhi Shemeji gari, akarudi nyumbani kwa miguu.

Kisha akachukua bisibisi, akang'oa komeo la geti, ili mkewe akija tena asisubiri kufunguliwa.