Meza Iliyovishwa Nailoni

Kila alipotoka shule, msichana mmoja aliyeitwa Cheche kwa sababu ya hasira zake za karibu alipitia karakana ya matunda ambako mama yake alikuwa msimamizi. Alinawa mikono, akavaa kofia, akaketi pembeni kufanya hesabu huku mama na wenzake wakimenya mananasi na kukata mapapai ya kutia kwenye vikopo vya kuuzwa mashuleni.

Siku moja hakukuta kazi ikiendelea. Tajiri, mwenye karakana, alikuwa amesimama katikati ya chumba, mishipa ya shingo imemtoka.

"Watoto wanaharisha huko shuleni, na matunda ni yetu!" alifoka. "Meza nimeipaka rangi ya bei mbaya, rangi inayoua bakteria ikipigwa na mwanga. Kwa hiyo uchafu hautoki mezani. Unatoka mikononi mwako wewe msimamizi!"

Mama aliinamisha kichwa. Cheche damu ilimchemka. Mama yake huyu, anayesugua kucha mpaka vidole vinamuuma, ndiye wa kuitwa mchafu?

"Mama yangu si mchafu!" alipiga kelele. "Hiyo rangi yenu ndiyo ya uongo. Mmetapeliwa!"

"Cheche, koma!" mama alimkemea.

Mkaguzi wa afya, mwanamke mfupi aliyevaa koti jeupe, alikuwa akichukua sampuli kwa pamba. Alishika ncha ya kitambaa cha nailoni chenye maua mekundu kilichofunika meza nzima, akakivuta. Harufu ya uchachu ikapanda. Juu ya nailoni, mikato ya visu ilikuwa imejaa utomvu mweusi. Chini yake rangi nyeupe ilikuwa mpya, kama siku ilipopakwa.

"Rangi si ya uongo," alisema, naye sasa amekasirika. "Mmeivisha blanketi! Mwanga utaifikia wapi? Na matunda yenyewe mnayalaza juu ya nailoni. Nani kafunika hapa?"

Cheche alikitambua kitambaa. Kwao kila kitu kipya huvishwa nailoni: rimoti, makochi, hata mpini wa friji. Meza ilipopakwa rangi, yeye ndiye aliyeleta kitambaa kutoka nyumbani akakitandika, isije ikakwaruzwa.

"Ni mimi," alisema mama.

"Basi kusanya vitu vyako. Kazi huna," alisema tajiri.

Mama alianza kufungua aproni. Cheche alimtazama, akajichukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote.

"Mama anadanganya! Ni mimi niliyetandika. Nilidhani naitunza meza." Kisha hasira ikampanda tena, akamgeukia tajiri. "Na wewe mzee, uliipapasa hiyo nailoni ukasema imependeza. Umeiona kila siku. Mbona hukuitoa?"

Tajiri alimgeukia mkaguzi.

"Jibu, bwana," alisema mkaguzi. "Fundi hakukupa maelezo?"

"Alinipa. Sikuwaambia. Niliona rangi ikishapakwa, basi."

"Tena ulituambia tuache sabuni," mama alisema, safari hii akiwa ameinua kichwa. "Ulisema rangi inajisafisha."

"Inajisafisha!" Mkaguzi aligonga meza. "Rangi haioshi. Mnaosha nyinyi kwa sabuni, utomvu utoke, kisha mnaiacha wazi chini ya taa. Mwanga unamalizia bakteria waliobaki. Mkiuacha uchafu juu, mmeifunika vilevile!"

Karakana ilifungwa. Wote walisugua, tajiri naye amekunja suruali. Sampuli mpya zilipotoka safi, kazi ikaanza tena na mama akabaki msimamizi. Watoto walipona, lakini Cheche alipowaona njiani hakuweza kuwatazama usoni.

"Bado nimekukasirikia," mama alimwambia jioni moja wakirudi nyumbani.

"Nilitaka kukuokoa, mama."

"Na mimi nilitaka kukuokoa wewe. Ndicho kinachoniudhi. Ningeondoka na uongo wangu, wenzangu wangeendelea kufuta meza bila sabuni, na wale watoto wangeendelea kuumwa. Sisi tunaoneana huruma, watoto wa watu wanaharisha!" Alisimama, akamshika bega. "Ukikosea, mwanangu, sema mapema. Hata kama anayekuficha ni mama yako."