Sufuria ya Nyuma ya Nyumba

Mambo haya alinisimulia Mama Ndaki wa Nyarugusu, msimu uliopita, tukiwa tunabangua karanga za mbegu. Yalitokea nyumba ya jirani yake.

Kila akitoka shule, Salvina aliteka maji, akafagia, akawasha moto. Siku hiyo alitupa begi mlangoni akakimbilia kitandani kwa mama yake, Monika. Malaria ilikuwa imemlaza. Dawa alikuwa nazo, lakini kila alichomeza kilirudi. Midomo ilimkauka kama ganda la kitunguu.

"Nesi amesemaje, mayu?"

"Supu nyepesi, kidogo kidogo, ili dawa zikae tumboni. Nikiendelea kutapika hivi, mwanangu, sijui."

Kuku alibaki mmoja, tetea mweusi. Jirani akamchinja. Salvina akamnyonyoa, akamkatakata, akaweka kwenye bakuli firigisi, shingo na miguu. Hizo ni sehemu za baba, na baba yake, Wilbard, alikuwa bado machimboni. Sasa sufuria! Yao iliazimwa msibani, haijarudi. Akazunguka nyuma ya nyumba, akaiona ile nyingine chini ya karai.

Aliijua. Ndiyo aliyoitumia baba kuchanganyia zebaki, ile dawa nzito ya kunasia dhahabu. "Hii haiingii jikoni," alikwisha kuonya. Lakini ndani mama alikuwa akigumia. Salvina akachota majivu, akasugua mpaka sufuria ikang'aa.

"Majivu hayaachi kitu," akajiambia.

Supu ikachemka, harufu ikafika chumbani. Mama akajiinua kwa kiwiko.

"Kumbe sufuria imerudi?"

"Imerudi, mayu."

Mama akapokea kikombe. Akapuliza. Akakisogeza mdomoni. Salvina akaruka.

"Usinywe!" Akakipiga kikombe, supu ikamwagika ukutani. "Nimekudanganya. Nimepikia sufuria ya zebaki."

 Mama akageukia ukutani. Salvina akaangua kilio kilichomleta Mama Ndaki mbio, kanga mkononi.

"Nani amekufa?"

"Bado," Salvina akajibu kwa kwikwi. "Lakini supu nimeimwaga, na kuku hakuna tena."

Mama Ndaki akasikiliza yote.

"Zebaki haiogopi majivu wala moto, mwanangu. Ukiichemsha inapaa na mvuke, unaivuta mwenyewe. Toa sufuria hiyo na supu iliyobaki, hata mbwa asilambe." Macho yake yakaangukia bakuli lililofunikwa. "Na humu?"

"Firigisi, shingo na miguu. Ni vya baba."

"Baba yako ana tumbo zima. Leo cha baba anakula mgonjwa."

"Atanigombeza."

"Aje anigombeze mimi. Ananijua!"

Akaleta sufuria yake. Wakaibabua miguu motoni, wakaichuna, wakaigonga mifupa ili utamu utoke. Maji mengi, kitunguu, tangawizi, chumvi ya kubana kwa vidole. Wakachemsha kwa moto mdogo, wakiengua povu, kisha wakachuja. Salvina akamnywesha mama kijiko, akangoja akimtazama kwa hofu. Kijiko kingine, akangoja tena. Hakikurudi. Mwisho mama akameza dawa, nayo ikakaa.

Wilbard alirudi jua likizama, akasimuliwa. Hakuulizia firigisi. Alichukua ile sufuria akaitoboa kitako kwa nyundo.

"Kosa la kwanza ni langu," akasema. "Niliiacha mahali mtoto anapofika."

"Lako ni lako, na la mtoto ni lake," Mama Ndaki akasema, akamgeukia Salvina. "Uongo wako ulibaki kidogo umdhuru mama yako. Ukweli ulikuja umechelewa, lakini ulikuja, ukamwokoa. Chombo cha sumu hakioshwi kikawa cha chakula. Ukikosa sufuria, piga hodi. Mimi niko hapo tu."

Mama alilala wa kwanza, pumzi imetulia. Baba akafuata, ameshiba ugali na chumvi. Salvina alikaa kiganja chake kikiwa kwenye paji la uso la mama, mpaka jasho la homa inayoshuka likakilowesha. Ndipo naye usingizi ukamchukua.