Namba Saba ya Majid

Usigeuze uso, wewe. Ulikuwepo. Kama hukuwepo dukani kwa Majid siku ile, basi ulikuwepo Mitole walipouziwa mbegu za ufuta zilizolala ghalani miaka minne, zikakataa kuota, nawe ukasema "bahati mbaya". Ulikuwepo Somanga injini chakavu za boti zilipopakwa rangi zikaitwa mpya. Uliona, ukashika kikombe chako cha kahawa, ukaangalia barabarani. Mimi sisahau. Kaa nikusimulie ya Kudra, na usinijie na habari kwamba kompyuta ni mambo ya wasomi.

Kudra wa Mtanda, mke wa Shaaban, alikuwa akichukua video za harusi. Asubuhi zake zilikuwa tulivu. Anafagia ukumbi, anachoma udi kidogo, anaweka chai ya tangawizi pembeni, kisha anakaa kwenye kompyuta kukata na kuunga picha. Majirani wakipita dirishani humtania.

"Kudra, nikate pale nilipocheza vibaya!"

"Nikikukata wewe, bibi, harusi nzima itabaki dakika tano."

Wanacheka, wanapita. Alipendwa kwa jambo moja. Kwetu bibi harusi hukaa ndani siku saba za fungate, na siku ya kutoka wanawake hukusanyika kwao wakala, wakaimba. Kudra ndiye aliyeleta mtindo wa kuionesha video siku hiyohiyo, watu wajione wakiwa bado pamoja. Hakuwahi kuchelewa hata mara moja. Hilo ndilo lililokuwa jina lake, na jina hilo ndilo lililomlisha.

Wiki moja kabla ya harusi ya binti wa Bi Siti, kompyuta yake ikafa. Akaenda kwa Majid, muuza kompyuta zilizotumika, mdogo wake Shaaban. Mezani palikuwa na mbili.

"Hii i5, hii i7," alisema Majid. "I7 bei yake imezidi kwa laki na nusu. Nikuulize, shemeji, saba na tano ipi kubwa?"

"Si saba."

"Umejijibu mwenyewe."

Sikiliza alichokificha. Namba ile ni cheo cha prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ndani ya kizazi chake tu. I7 ile ilikuwa ya kizazi cha kwanza, ya miaka kumi na tano nyuma, yenye viini viwili vya kufanyia kazi. I5 ilikuwa ya kizazi cha nane. Ilikuwa na viini vinne, ilikula umeme kidogo, na ndani yake mlikuwa na sehemu maalumu ya kushughulikia video. Majid hakudanganya hata neno moja. Ile ilikuwa i7 kweli. Alinyamaza tu pale palipohitaji maneno.

Kudra alitoa flashi kwenye pochi. "Ngoja nizijaribu zote mbili na kazi yangu."

Majid akaweka mkono kifuani. "Unanipima mimi, shemeji? Mimi niliyekula kwako juzi?"

Hapo ndipo tunapofungwa sisi. Kumpima ndugu mbele za watu tunaona ni kumtukana. Flashi ikarudi kwenye pochi, pesa ikatoka, akanunua ile saba. Pembeni alikaa Yunusu, fundi, ambaye asubuhi ileile alizifungua zote mbili akizipuliza vumbi. Alijua. Akainamia skrubu zake. Benchini walikaa watu watatu, mmoja wao alishauziwa saba kama ile. Alijua, na wenzake wawili alikwisha wasimulia. Sikutaji, lakini unajijua.

Harusi ikafana. Siku ya tano ya fungate Kudra alimaliza kuunga picha, akaiamuru kompyuta iitoe video nzima. Ikamwandikia kwamba zimebaki saa kumi na saba. Ilipofika asilimia sitini ikachemka, ikajizima. Akaanza upya. Ikajizima tena. Akaiinua juu ya sufuria iliyofudikizwa ipate hewa, akaipepea kwa kipepeo cha mkaa. Akiondoka kwenda kupika, inazimika. Akikaa, haisogei. Mwanamke mzima amefungwa kwenye stuli na mashine, hawezi kuiacha wala haimfikishi.

"Nirudi kwa Majid?" alimuuliza mumewe.

"Ukamwaibishe mdogo wangu kwa ajili ya kikompyuta?" alijibu Shaaban. "Vumilia. Labda hujaizoea."

Siku ya saba alisimama mlangoni kwa Bi Siti. Pilau lilikwisha pakuliwa, televisheni ilikwisha wekwa juu ya meza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Iko wapi?"

"Haijaisha, mama."

Bi Siti hakupaza sauti. "Mwanangu anakwenda kesho kwa mumewe. Wenzangu walisema tulete mtu kutoka Dar. Nikawaambia, nina Kudra." Akazima televisheni. Wanawake wakatazama sahani zao.

Kesho yake Kudra aliibeba kompyuta hadi dukani. Hakusalimia. Aliweka kipande cha video cha dakika mbili kwenye i7 yake, na kilekile kwenye i5 iliyokuwa bado mezani, akazianzisha pamoja. Ile tano ilimaliza kwa dakika moja na ushei. Ile saba ilichukua dakika tisa, feni ikipiga kelele. Dakika tisa watu wamesimama, wanaona.

"Mali ikitoka dukani kwangu hairudi," alisema Majid. "Na hiyo umeshaichemsha."

"Yunusu, ulijua?"

"Dada, mimi nafungua skrubu tu."

Waliokuwa benchini wakakumbuka ghafla kwamba wana safari.

Harusi tatu zilizofuata zilichukuliwa na mtu wa Dar, Kudra akatangaza kuiuza ile saba. Ndipo mlango wa kutokea ukafunguka. Mwalimu Valeria wa Somanga, aliyetaka kutengeneza video za masomo, alifika nyumbani.

"Nasikia unauza i7. Ndiyo ninayoitafuta, dada. Bei nimeshaiandaa."

Kudra angesema "karibu" na mateso yangehamia Somanga. Alimvutia stuli akae.

"Mwalimu, ni ya kizazi cha kwanza. Itakukwamisha."

"Sasa utaifanyia nini?"

"Sijui."

Valeria alimshukuru, akaondoka. Mwisho wa mwezi Kudra aliuza kamera.

FUNZO

Namba kubwa si nguvu. Ukinunua kompyuta iliyotumika, uliza prosesa ni ya kizazi cha ngapi. Beba kazi yako mwenyewe, iweke kwenye zote mbili, hesabu dakika. Muuzaji akinuna, awe kaka yako, awe shemeji yako, ondoka. Undugu wa kweli haukatai kupimwa.

Lakini Majid peke yake asingemwangusha Kudra. Walimsaidia wanne waliojua wakafunga midomo. Kunyamaza kwako ni sehemu ya biashara yake, na hulipwi hata senti.

Sasa funga ukurasa huu, inuka. Duka liko wazi wakati huu unaposoma, na mbele ya meza amesimama mtu, pesa iko mkononi, anaulizwa saba na tano ipi kubwa. Nenda ukamjibu kabla hajalipa.