Dawa ya Mgongoni

Kila jioni, baada ya kuwafungia mbuzi zizini, Sabdio aliketi mlangoni na simu ya baba yake. Mwalimu Lopeyok, jirani yao hapo mtaani Wabera, alikuwa ameweka humo programu ya kufundisha Kiingereza. Picha ilitokea, sauti ikatamka neno, na mtoto akagusa jibu. Akipatia, nyota ya dhahabu ililia ting! Jua la miezi hiyo lilikuwa kali hata nzi walitembea kwa miguu, lakini Sabdio hakuhisi kitu. Alikuwa anakusanya nyota.

"Huyu akikohoa tu, simu inampa nyota," rafiki yake Amran aliwaambia watoto wengine.

Amran hakujua siri ya Sabdio. Jibu lisilo sahihi lilitikisika kidogo, kisha programu ikakuruhusu kujaribu tena bila kukunyang'anya chochote. Basi Sabdio aligusa hiki, akagusa kile, mpaka ting! Maneno yenye picha aliyashika. Yale madogo yasiyo na picha aliyapita kama mawe ya njiani.

Sifa zake zilienea. Bibi yake, ambaye wote nyumbani walimwita Akko, alianza kumwita Mwalimu. Majirani walimletea ujumbe wa simu awasomee, na alipokwama alitunga. Siku moja alimwambia Mama Tuye kwamba kampuni ya simu inampongeza kwa bidii yake. Kumbe bando lake lilikuwa limeisha. Mama Tuye alitembea siku nzima kifua mbele.

Jumamosi moja, baba yake, Abduba, alinunua dawa mpya ya kupe katika duka la Gababo. Mbuzi wao wawili walikuwa wamejaa kupe wanono kama zabibu. Mmoja, Guracha, alikuwa mweusi na ndiye aliyekuwa na maziwa. Maziwa hayo yalimlisha mdogo wake Sabdio, Jirma, kwa kuwa mama yao alikuwa amelazwa hospitalini Meru. Wa pili, Diima, alikuwa mwekundu na hakuwa amezaa bado.

"Mimi nakwenda soko la mifugo," baba alisema. "Wewe soma vizuri hapo kwenye chupa, umwambie Akko namna ya kuitumia."

Sabdio aliigeuza chupa. Maandishi yalikuwa madogo, yote Kiingereza. Aliliona neno pour, akakumbuka picha ya mtoto akimimina maziwa kikombeni. Aliliona neno mouth, akakumbuka mdomo wenye meno meupe. Mengine yote yalimtazama kama watu asiowajua.

"Inasemaje?" Akko aliuliza.

"Tumimine mdomoni."

"Mdomoni? Kupe wako masikioni na chini ya mkia! Sisi siku zote tunaipaka ngozini."

Amran alikuwa amesimama pale pale, akimtazama kwa fahari.

"Hii ni ya kisasa, Akko. Inaingia kwenye damu, kupe akinyonya anakufa."

"Una hakika? Mwalimu Lopeyok yuko hapo tu. Tumwite asome na yeye."

"Nina hakika."

Akko akamshika Guracha taya, Sabdio akamimina. Guracha alikunywa kwa utiifu, kama alivyofanya kila jambo. Diima alirusha mateke na kutema nyingi chini.

Haikuchukua muda. Guracha alianza kutoa povu. Miguu yake ilitetemeka, ikakunjika, akaanguka ubavu. Akko alikimbilia kisu, lakini aliporudi mkono wake ulishuka.

"Huyu hachinjwi," alisema kwa sauti ya chini. "Ana sumu. Nyama yake haiwezi kuliwa hata na mbwa."

Guracha alikata roho macho yakiwa wazi. Diima naye alilala, akihema kwa shida.

Baba aliporudi, alikuta uwanja umejaa majirani.

"Dawa feki!" mmoja alipaza sauti.

"Tumeitia mdomoni kama ilivyoandikwa," Akko alisema, Jirma akilia mgongoni mwake. "Gababo ametuuzia sumu."

Baba alichukua fimbo yake. "Leo Gababo atanijua." Wanaume kadhaa wakajipanga nyuma yake.

Sabdio alimtazama Diima. Mbavu zake zilipanda na kushuka polepole zaidi kila mara, na hakuna aliyekuwa anamshughulikia. Kama angenyamaza, Gababo angepigwa, Diima angekufa, na yeye angebaki kuitwa Mwalimu. Alikimbia akasimama mbele ya baba yake.

"Abba, usiende. Dawa si feki. Mimi sikujua kusoma."

"Ulisema umesoma."

"Nilijua maneno mawili tu. Mengine nilitunga."

Amran aliinamisha kichwa, kisha akatoka mbio kwenda kumwita Mwalimu Lopeyok.

Mwalimu aliishika chupa, akasoma kwa Kiswahili ili wote wasikie. "Mimina mgongoni mwa mnyama. Usimpe kwa mdomo. Akimeza, mwite daktari wa mifugo mara moja." Hapo hapo akapiga simu.

Daktari Judy alifika kwa boda, mkoba umebanwa kifuani. "Huyu amemeza kiasi gani?"

Sabdio alifungua kinywa kutaja kiasi chochote, kisha akajizuia. "Sijui, Daktari. Nyingi aliitema."

"Vizuri. Nitamchunguza mwenyewe." Alimdunga Diima sindano, akaagiza asogezwe kivulini na kichwa chake kiinuliwe. Jua lilipokuwa linatua, Diima alisimama, akayumba, lakini hakuanguka.

Guracha alikuwa ameshafukiwa. Jirma alipewa chai ya rangi, akaitema, akalia mpaka sauti ikakauka.

Mwalimu Lopeyok aliketi karibu na Sabdio. "Mimi pia nina lawama," alisema. "Niliziona nyota zako nikafurahi, sikukuuliza umeelewa nini. Programu inasaidia, lakini inakulazimisha uguse kitu hata kama hujui. Binadamu hakulazimishi hivyo. Akko alikuuliza kama una hakika, na hapo ungesema hujui, tungesoma pamoja. Kutojua si kosa, Sabdio. Kosa ni kujifanya unajua wakati watu wanakutegemea. Jumatatu tunaanza upya, na safari hii hatuliruki neno."

Sabdio aliitikia kwa kichwa.

Akko alimletea kikombe kitupu. Hakumgombeza, na hakumwita Mwalimu.

"Nenda hapo jirani kwa Mama Lokaale, umwombe maziwa kidogo ya mtoto," alisema. "Atakuuliza mbuzi wetu amepatwa na nini. Usitunge."

Sabdio akakipokea kikombe kwa mikono miwili, akaenda kumwambia ukweli.