Pumzi Ndani ya Kisanduku

Pumzi ndiyo iliyoanza. Mama Niyitegeka alikuwa ameshamaliza kusema, mdomo ameufunga kabisa, na vipaza sauti vya soko la Kasulu bado vinahema.

"Upepo huo," alisema Gharibu, fundi wa matangazo.

Uongo mtupu! Mchana ule hata jani la mgomba halikutikisika, na dirisha la chumba cha matangazo lilikuwa limefungwa.

Ulikuwa mwaka sabini na tatu. Wakimbizi wa Burundi walijaa wilaya nzima, na kila siku ya soko waliingia katika chumba kile kuwaita ndugu waliopotezana nao njiani. Mama Niyitegeka alimtafuta Esteri, bintiye wa miaka kumi na mitatu, aliyemponyoka mkononi siku waliyovuka mpaka. Kwa kulia mwaka mzima sauti ilimkauka, haifiki hata kwa wauza maharage. Ndiyo maana Gharibu alileta kile kisanduku cha kusawazisha sauti, chenye vifundo vitatu. Kazi yake kumshusha anayefoka na kumpandisha anayenong'ona. Sasa, ukipandisha kila kilicho chini, utajuaje umepandisha nini? Gharibu hakujiuliza. Fundi akishasifiwa haulizi.

Alizungusha kifundo cha kati, kidogo tu. Pumzi ikageuka sauti.

"Mama."

Mama Niyitegeka aliruka kitini. "Yoo, mwana wanje! Ni yeye! Fundi, ndagusavye, nakuomba, ongeza!"

"Mama, hakuna mtu kwenye waya," Gharibu alinong'ona, jasho likimtiririka. "Kisanduku hiki hakipokei sauti ya mbali. Kinatoa ya humu ndani tu."

"Ongeza!"

Akaongeza. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumba, na ile sauti ikasema, "Niite tena, mama, niite, nasogea," na kila Esteri alipoitwa ikasogea kweli, kutoka ukutani hadi mezani, kutoka mezani hadi shingoni mwa Gharibu, na huko nje watu wakaziba masikio wakakimbia huku wakikanyaga nyanya, mbuzi wakakata kamba, na Leonidasi, mlinzi wa chumba, alipoingia kuchomoa waya alinyanyuliwa na kitu asichokiona akabamizwa ukutani mara tatu, meno yakamtawanyika sakafuni, na waya alishauchomoa, anao mkononi, lakini vipaza sauti vikazidi kupiga mayowe, "Mama! Mama! Mama!"

Damu ikamtoka Gharibu masikioni. Hapo ndipo alipoingia Bi Mwanaamina, mwenye duka la kanga jirani, mpunga majini aliyejulikana mpaka Kibondo. Aliweka chini chetezo cha ubani, akamkamata yule mama mabega.

"Nyamaza! Unalilisha jini jina la mwanao. Linyang'anye! Sema amekufa."

"Hajafa."

"Sema, ama litammaliza huyu!"

Gharibu alikuwa chini, ulimi nje, shingo imebonyea alama za vidole vidogo. Mama Niyitegeka alizitazama zile alama, akashika maikrofoni.

"Esteri wangu amekufa," alisema.

Kisanduku kilipasuka, cheche zikaruka mpaka darini. Soko zima likanyamaza. Gharibu akakohoa, akavuta pumzi.

"Sauti hiyo itarudi kukujaribu," Bi Mwanaamina alimwambia kwa upole. "Hata ije mchana kweupe, usiitike. Ikikugusa, piga."

Akatii. Masikini ya Mungu, alitii mno!

Siku ya tisa alikuwa anatwanga muhogo uani, kwenye nyumba ya watu waliomhifadhi katika kijiji cha Titye. Wenyeji wake walikuwa shambani.

"Mama," sauti ikasema nyuma yake.

Akaendelea kutwanga.

"Mama, mimi nilikuwa Kibondo. Watu walioshuka kwenye lori walisema unaniita sokoni."

Akatwanga kwa nguvu zaidi, machozi yakimdondokea kinuni, Mungu wangu, jinsi sauti ile ilivyofanana! Mikono miwili ikamkumbatia kiunoni. Akageuka na mchi, akapiga, akapiga tena, akapiga hadi kile kilichomkumbatia kikalala chini.

Jini halitoki damu, hilo kila mtu analijua. Hii ilitapakaa kwenye unga, nyingi, ya moto, na miguu ya yule msichana, iliyojaa malengelenge ya mwendo mrefu, ikatikisika kidogo, ikatulia.

Mama Niyitegeka akauachia mchi, akapiga magoti.

"Abee," akaitika. "Abee, Esteri. Abee, mwanangu."